Pumba za Wimbo wa Nne

Ni nani aliyekaa kitako, akasikiliza, akaamua kwamba hii ni sauti na ile ni kelele? Swali hili nimetoka nalo darasani, nimelifunga katika pindo la khanga pamoja na ufunguo wa nyumba, na leo nitalifikisha mlangoni kwa mtu anayepaswa kulijibu. Sitaliuliza kwa upole. Upole niliokuwa nao niliutumia wote siku moja, mahali pamoja, nikiwa nimeketi kwenye benchi, na uliniondolea mtoto.

Katika mji ninaoishi ni asubuhi daima. Jua limesimama kimo cha mkono ulionyooshwa, halipandi wala halishuki, na hakuna anayelishangaa, maana mji huu haupimi wakati kwa jua. Unaupima kwa santuri. Santuri yenyewe ni moja tu, ina nyimbo nane, nne upande wa kwanza na nne upande wa pili, na inaitwa Asubuhi Isiyo na Haraka. Inatoka katika spika zilizofungwa juu ya nguzo zote, kwenye dari za ofisi, juu ya mizani za wauza nyama, na katika ukuta wa zahanati pale wagonjwa wanapongoja kuitwa. Haina mwimbaji. Imefumwa kwa vinanda vya umeme vya zamani, vile vyenye vifundo vya kuzungusha na nyaya zilizoning'inia nje kama matumbo ya mnyama aliyepasuliwa. Sauti zake hutanda kama mvuke juu ya sufuria, na chini ya mvuke huo, mbali, hupiga mapigo laini, laini mno, kama mtu anayekubembeleza usiulize. Wimbo wa nane ukiisha, wa kwanza huanza. Watu hawasemi saa nne. Husema tukutane wimbo wa pili. Hawasemi mwaka jana. Husema mizunguko iliyopita. Binti yangu Nyanzala alizaliwa kabla ya santuri kufungwa juu ya nguzo. Kwa hiyo alikuwa na siku ya kuzaliwa, na alikuwa na miaka kumi na saba.

Hakuna anayefoka hapa. Nimemwona mpangaji akitolewa vyombo nje, yeye na mwenye nyumba wakitikisa vichwa kwa mdundo mmoja, na godoro likipita kati yao taratibu kama maiti ya mtu asiyekuwa na ndugu. Nimewaona wanawake wawili bombani wakigombania zamu, maneno yakawatoka mdomoni katikati ya sentensi, wakabaki kutazamana, kisha mmoja akasema, "Nilikuwa nasema nini?" na mwenziwe akajibu, "Hata mimi sikumbuki, dada." Bomba lenyewe lilikuwa kavu. Lilikuwa kavu tangu mizunguko mingi iliyopita, na ilikuwapo sababu, na alikuwapo mwenye kosa. Lakini ni nani angepanda ngazi kwenda kumuuliza, huku magoti yake yamelegezwa na muziki?

Huuita utulivu. Nami nauliza, utulivu ambao haukupitia hasira umetoka wapi? Maji hutulia baada ya kuchemka au kabla ya kuwekwa mekoni. Haya yetu hayajawahi kuona moto.

Sasa nieleze kuhusu wimbo wa nne, kwa kuwa ndio unaonihusu. Mapigo yake hayakutoka kwenye kinanda. Yametoka kwenye kinu changu. Mtengenezaji wa santuri, Bwana Ndekirwa, alikuja uani kwangu na sanduku la kunasa sauti, lenye kanda mbili zinazozunguka, akavua viatu kwa adabu, akasema, "Mama, endeleeni tu kama vile sipo." Tulikuwa tunatwanga mtama, mimi na Nyanzala, michi miwili katika kinu kimoja, wa kwangu ukishuka wa kwake unapanda. Alichuchumaa karibu na mafiga, amefumba macho, mpaka mtama ukaisha. Akanipa karatasi. Sikujua kusoma. Nikaweka kidole gumba, nikafurahi, nikampa na maji ya kunywa.

Tangu siku ile Nyanzala akawa wa kulala tu, na mwezi mmoja baadaye, wakati miezi ingali miezi na santuri ndiyo kwanza imefungwa juu ya nguzo, alizidiwa na kifua, nikampeleka zahanati. Tukapewa kibao cha foleni. Tukaketi. Ukafika wimbo wa nne, nami nikakitambua kinu changu mara moja, kwa sababu kina ufa kitakoni na kila kikigongwa hutoa sauti ya pili, ndogo, kama mtu anayeitikia kutoka chumba cha ndani. Nikamwambia, "Sikiliza, mwanangu. Ni sisi." Akatabasamu. Alikuwa bado na pumzi ya kutabasamu. Akawa anapiga mdundo kwa unyayo, taratibu, nami nikauona unyayo ule nikatulia. Muuguzi alipita mbele yetu mara nyingi, ametulia. Wagonjwa wote wametulia. Santuri ikazunguka mara kumi na moja. Hakuna aliyegonga dirisha, nami sikugonga, mimi niliyewahi kumkimbiza mwizi wa kuku na mchi mkononi hadi ng'ambo ya mto. Mchi wangu mwenyewe ulikuwa umeniambia nitulie, nikautii. Nilipogeuka, kichwa chake kilikuwa begani kwangu na unyayo umesimama.

Kwetu nyumba yenye msiba hupindua kinu. Kinu hulazwa kifudifudi siku arobaini, na mlio wa mchi usisikike, ili majirani wajue na marehemu ajue. Nilikipindua. Nikaketi mkekani kungoja watu. Wakaja hadi kwenye ua, wakasikiliza, wakatazamana. Juu ya nguzo wimbo wa nne ulikuwa unapiga. "Mbona kwako mnatwanga, Mama Nyanzala?" wakaniuliza kupitia ua. "Tena michi miwili. Basi hakuna msiba." Wakarudi makwao. Nami nikageuka kukitazama kinu, nikakikuta kimesimama wima. Nimekipindua mara nyingi kuliko nyimbo ninazoweza kuzihesabu. Kila nikigeuza shingo, kimesimama. Binti yangu amezikwa, lakini mchi wake bado unafanya kazi juu ya kila mtaa, na mtu ambaye mchi wake unafanya kazi haombolezwi.

Nilikwenda kwenye kisomo cha watu wazima kwa sababu moja tu: kidole gumba kile. Nilikichukia. Nilitaka kukifundisha kushika kalamu ili kisiweze tena kukubali jambo kikiwa gizani. Darasa letu liko katika ghala nyuma ya mashine ya kusaga, na mwalimu wetu, Asteria, ni msichana anayetosha kuwa mwanangu, mwenye subira ya jiwe la kusagia. Jirani yangu kwenye dawati ni Bi Mwajabu, ambaye pia ni jirani yangu wa nyumbani, mjane aliyefikisha miaka sitini na tatu kabla ya santuri. Yeye anasema amekuja kujifunza ili asome barua za marehemu mumewe, ajue kwa uhakika ni uongo gani aliodanganywa.

Leo Mwalimu Asteria alileta jalada la santuri, kwa kuwa kila nyumba inalo na maandishi yake ni makubwa. Kila mtu alisoma mstari mmoja. Mimi niliangukiwa na wimbo wa nne. Nilisoma nikifuata kwa kidole, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu mwingine:

"Ua wa Nyuma. Mapigo ya kinu. Kelele zimeondolewa."

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Asteria. "Endelea, Bi Mwajabu."

"Ngoja," nilisema. "Mwalimu, kelele zipi?"

"Hapo hapajasema zipi, mama. Pamesema zimeondolewa."

"Mwenzangu, kelele ni wewe," alisema Bi Mwajabu. "Nakaa nyuma ya ua wako tangu miaka ingali miaka. Ukishika mchi mdomo wako hauna kituo."

Darasa likacheka, kicheko kifupi, chenye mdundo. Mimi sikucheka.

"Siku ile aliyekuwa akisema si mimi," nilisema. "Mimi nilikuwa na haya, kuna mgeni. Aliyesema ni Nyanzala."

Kicheko kikakatika. Bi Mwajabu aliushika mkono wangu chini ya dawati.

"Alisema nini, shoga yangu?"

"Sijui," nilisema. "Nilikuwa natwanga."

Hapo ndipo nilipoiona hasira yangu kwa mara ya kwanza tangu zahanati. Haikuja kama moto. Ilikuja kama mtu aliyefungiwa stoo, anayejua kwamba sasa kuna mwenye ufunguo upande wa pili wa mlango. Maneno ya mwisho ya binti yangu akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe yalikuwa yamesemwa mbele yangu, nami sikuyasikia, na mtu mwingine aliyasikia akayapa jina la kelele. Mahali fulani duniani maneno hayo yalikuwapo, au yalikuwa yamefutwa. Nilitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

"Nakwenda kwa Bwana Ndekirwa," nilisema nikisimama.

"Hakuna aliyewahi kufika," alisema Mwalimu Asteria. "Si kwamba wanazuiwa, mama. Wanatembea. Barabara ni moja, nyumba inaonekana kilimani, lakini kila anayekwenda hujikuta amerudi sokoni."

"Wanatembeaje?"

Alifikiri. "Kama sote tunavyotembea."

Yaani kwa mdundo. Kulia pigo, kushoto pigo. Na santuri ni duara. Ni nani aliyewahi kulifuata duara likamfikisha mahali?

Bi Mwajabu alikuwa ameanza kukusanya daftari lake. "Mguu wangu huu," alisema, "ulivunjwa na punda wa shemeji yangu, ukaungwa na mganga mlevi, na tangu hapo haujawahi kukubaliana na ngoma yoyote. Kwenye harusi huwa wananiweka jikoni. Nifuate mimi. Kanyaga ninapokanyaga, na ukicheka nakuacha njiani."

Tukaenda. Yeye mbele, akichechemea, hatua ndefu na hatua fupi, na katikati mtetemo ambao hakuna mtunzi angeupanga. Mimi nyuma, nikikanyaga alama zake vumbini. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kutwanga. Kila nguzo tuliyoipita ilinivuta miguu iwe sawa. Mwili hupenda kukubaliana, na ndiyo aibu yake. Mdomo ungali unakataa, goti limeshaitikia. Nikawa najisemea, kwa vipande:

Usikubali.

Mguu huu ni wangu. Haukuzaliwa katika spika.

Nani alisema nitulie? Nilimjibu nini?

Kushoto, halafu ngoja. Ngoja. Sasa.

Kwenye kona ya tatu niliutazama mkono wangu nikauona umevaa bangili ya shanga nyekundu, bangili niliyomvalisha Nyanzala nilipomlaza kaburini. Ngozi ya kiganja ilikuwa laini, ya miaka kumi na saba. Mbele yangu alikuwa akichechemea mwanamke mnene mwenye khanga yangu, nami nilitaka kumwita mama, nimwambie jambo, na pumzi haikutosha. Kifua kilikuwa kimefungwa kwa kamba kwa ndani. Nilifungua mdomo, nikakuta neno liko pale limekaa tayari juu ya ulimi, na kabla sijalitamka Bi Mwajabu aligeuka.

"Umesimama nini? Umeanza kucheza muziki wao?"

Bangili ikatoweka. Mkono ukarudi kuwa wangu, wenye sugu. Neno likaniponyoka, sikujua lilikuwa neno gani. Lakini nilipotazama juu, jua lilikuwa limesogea kwa upana wa kidole.

Nyumba ya Bwana Ndekirwa haina mlinzi. Haihitaji. Ndani ni chumba kimoja kirefu, na kutoka sakafuni mpaka darini ni vinanda, taa nyekundu ndogo ndogo, nyaya za kila rangi zikitoka tundu hili kuingia tundu lile. Katikati, kati ya vigurudumu viwili, kilikuwa kipande cha kanda kilichoungwa ncha kwa ncha kuwa mduara usiozidi urefu wa mkono. Kilikuwa kinazunguka. Nilikitambua kabla ya kuambiwa. Kinu changu kilikuwa kinagongwa pale.

Yeye mwenyewe alikuwa ameketi mbele ya mashine, mwembamba, mvi chache. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Tangu nijifungue mtoto wa kwanza hakuna mtu aliyewahi kuniamkia nikakaa kimya. Salamu yake ilibaki hewani kati yetu kama sahani aliyoshika mtu ambaye hajui pa kuiweka.

"Ni Mama Nyanzala," alisema. "Wa kinu."

"Nyanzala amekufa."

Alikaa. Alisema pole, na nina hakika aliimaanisha, na hilo lilinikasirisha zaidi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na mdundo. "Sikujua," alisema. "Lakini mama, sijui kama itakufariji, wimbo ule ndio watu wanaoupenda kuliko yote. Wagonjwa wanalala kwa ajili yake. Zahanati wameniandikia kunishukuru."

"Alikufa zahanati," nilisema. "Akiusikiliza."

Bi Mwajabu alijibwaga juu ya kasha moja bila kukaribishwa na kuanza kujisugua goti. "Mjibu, mwanangu," alimwambia. "Tumetoka mbali na mguu unauma."

Bwana Ndekirwa alitazama mikono yake. "Nitaandika jina lake kwenye jalada. La kwako pia. Kwa herufi kubwa, juu."

"Sikufuata jina."

"Basi unataka wimbo uondolewe."

"Unga chukua," nilisema. "Uliutwanga katika kinu changu, ukaupata, ukaupikia mji mzima, wakala wakalala. Sikuja kwa ajili ya unga. Nimekuja kuchukua pumba zangu."

Hakuelewa. Nikamweleza, na sauti yangu ilikuwa imenyooka kama mstari wa daftari. Kwetu mtu akitwanga katika kinu cha mwenziwe huondoka na unga, lakini pumba huziacha kwa mwenye kinu. Si hisani, ni haki. Kuku wa nyumba ile wamesikia kinu kikigongwa tangu mapema; wamesimama mlangoni wakingoja. Mwanamke anayekunja pumba katika khanga yake akaondoka nazo haazimwi kinu tena maisha yake yote, hata akiwa na njaa, hata akiwa na harusi.

"Hata mimi niliwahi kunyimwa," alisema Bi Mwajabu. "Mwaka mzima. Na nilichukua kiganja kimoja tu."

"Lakini zile zilikuwa kelele, mama," alisema Bwana Ndekirwa. Alikigusa kifundo kimoja cheusi, kikubwa kuliko vingine, kilichong'aa kwa kushikwa. "Hiki ni chujio. Ukikizungusha huku, sauti kali zinatoka, yanabaki yale mapigo ya chini, laini. Ndivyo nilivyofanya. Sikuiba kitu. Nilisafisha."

"Zilikwenda wapi?"

"Zipi?"

"Ulizozitoa. Pumba hazipotei hewani. Ukipepeta, zinaanguka upande wa pili wa ungo. Upande wa pili wa ungo wako ni wapi?"

Alinyoosha mkono nyuma ya kinanda cha mwisho akatoa kopo bapa la bati lenye kutu ukingoni. Alilishika kwa mikono miwili.

"Kanda ya kwanza ninayo," alisema. "Sijawahi kuisikiliza tena."

"Kwa nini?"

"Inaniudhi. Sijui kwa nini. Nikiisikia siwezi kukaa."

"Ndiyo kazi yake. Iweke."

Aliondoa kile kipande cha duara akaiweka kanda nzima mahali pake. Vidole vyake vilikosa kigurudumu mara mbili, na kwa mara ya kwanza havikufuata mpigo. Chujio lilikuwa bado limefungwa. Kikatoka kinu tu, chini, laini, utulivu wa mji mzima. Akanyoosha mkono kukizungusha kifundo. Nilimwondoa mkono. Niliweka kidole gumba changu pale, kile kile, nikazungusha mwenyewe.

Kwanza walikuja kuku. Kisha upepo. Kisha sauti kali kutoka ng'ambo ya ua ikiuliza kama kuna chumvi, na Bi Mwajabu alishtuka juu ya kasha lake akasema, "Huyo ni mimi," kisha kwa sauti ndogo, "Nilikuwa na sauti nzuri." Michi ilikuwa inapokezana. Mchi wangu, mchi wake. Na katikati ya michi, kwa pumzi fupi, alikuwa Nyanzala.

"Mama, pokea."

Mchi.

"Mama, upokee mchi. Kifua kinanibana."

Mchi. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, ya haraka, ya mtu anayejitahidi asisikike, na sauti hiyo ilikuwa yangu.

"Maliza kwanza. Mgeni anasikiliza."

Kimya cha pigo moja. Kisha akacheka kidogo. Mtoto huyu alikuwa na desturi ya kucheka anapokubali jambo asilolitaka.

"Haya, mama."

Na akatwanga, nami nikapokezana naye. Pigo la kwanza baada ya neno lile, la pili, la tatu, hadi sita. Kila pigo kinu kiliitikia kutoka katika ufa wake, na la sita lilipokwisha nikajua. Hayo sita. Hayo ndiyo yaliyokatwa na kuungwa duara. Utulivu wote wa mji huu, usingizi wa wagonjwa, subira yangu kwenye benchi, ulikuwa umetengenezwa kwa mapigo sita ya msichana anayetwanga kifua kikiwa kimebana kwa sababu mama yake aliona haya mbele ya mgeni.

Bwana Ndekirwa alikuwa amejifunika uso. "Niliisikia sauti," alisema. "Sikuyasikia maneno. Naapa, mama. Nilisikia sauti tu."

"Mimi niliyasikia maneno," nilisema.

Nilidhani hasira ikishapata mahali pake itatulia. Haikutulia. Iligawanyika kama njia, tawi moja likaenda kwake, tawi moja likanirudia, na matawi yote mawili yalikuwa na haki. Wewe ulimwita kelele. Mimi nilimwambia amalize. Wewe ulizungusha kifundo. Mimi nilikuwa na chujio langu masikioni, bila waya, bila taa, nimefundishwa kulitumia tangu utotoni na kila aliyewahi kuniambia kwamba mwanamke mwenye adabu hapigi kelele mbele ya watu. Ni nani basi aliyeamua? Nilibeba swali hili kilimani nikitafuta mtu mmoja wa kumtupia usoni. Nilimpata, na nyuma yake nilikuwa nimesimama mimi, na nyuma yangu foleni ndefu, wote wametulia, wote wameshika vibao.

Kanda ikaisha. Ncha yake ikawa inapigapiga chuma, tap, tap, bila mdundo. Bwana Ndekirwa aliinua mkono kukirudisha kile kipande cha duara. Nilikuwa nimeshakichukua. Nilikivuta kwa mikono miwili, kikarefuka kidogo, kikakatika.

Ndipo tulipogundua kwamba nje kuna kimya. Kifundo kile hakikuwa cha chumba kile peke yake; santuri nzima ilipita katika mashine ile. Kila spika juu ya kila nguzo ilikuwa imesema, Mama, pokea, na kila spika ilikuwa imejibu, Maliza kwanza. Tulisimama mlangoni. Mji chini ya kilima ulikuwa umesimama kama mtu aliyesahau kilichomtoa nyumbani. Kisha, kutoka upande wa bombani, sauti moja ya mwanamke ikapanda, kali, na sentensi iliyokuwa imekatika mizunguko mingi iliyopita ikamalizika: "Nilikuwa nasema, ni nani aliyeuza maji yetu?" Halafu kioo kikagongwa zahanati. Kikagongwa tena, kwa ngumi. Halafu kila mahali.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Ndekirwa nyuma yangu, kama mtu anayejaribu ufunguo mara ya mwisho.

Niliirudisha kanda katika kopo la bati, nikalifunga katika pindo la khanga. Nikashuka.

Njiani watu walitupita wakienda huku na huku, kila mmoja kwa miguu yake, wakigongana, wakijikwaa, wakitukanana na kuombana radhi. Bi Mwajabu aliwatazama kwa furaha ya mtu aliyengoja sana. "Leo mji mzima unachechemea," alisema. "Karibuni jikoni."

Nilipofika uani, kinu kilikuwa kimesimama wima. Mchi wa Nyanzala ulikuwa umeegemea ukuta, pale alipouegemeza mwenyewe siku ile, baada ya kumaliza. Sikuwahi kuugusa. Niliukamata katikati, mahali palipolainishwa na kiganja chake, na ulikuwa mzito, mzito kuliko wangu. Nilikuwa nimempa mzito na sikuwahi kujua.

"Lete," nilisema. "Nimepokea."

Nikakilaza kinu kifudifudi, nikaulaza mchi juu yake, nikageuza shingo. Nikatazama tena. Kilikuwa kimelala. Nguzo zilikuwa kimya, na kwa mbali mji ulikuwa unapiga kelele zake zote, na jua, lililokuwa limeganda, lilifika utosini, kivuli cha ua kikavukia upande wa pili. Jirani wa kwanza akasimama mlangoni. Akasikiliza. Hakusikia mchi.

Akavua viatu, akaingia, akaanza kulia kwa sauti kubwa, bila haya.

Hii ndiyo siku ya kwanza.